Tupeane uzoefu: mliotembea Bonde la Mlalo na vilima vyake, Usambara Magharibi

Mpanda Milima (mwanzisha uzi)
Wakuu, salamu. Wengi tukipanda Lushoto tunaishia Irente. Picha mbili tatu pale ukingoni, jibini kwenye mfuko, kesho yake tuko Mombo tunagombania basi la Dar. Utamu wenyewe uko nyuma huko: Mlalo, Rangwi, Mtae. Mlalo imekaa kama ndani ya bakuli, mji uko chini, vilima vimeuzunguka, na kila kilima kina vitongoji vyake. Zile nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao bado mtu anaziona. Waliofika watiririke: mlipita wapi, mlilala wapi?

Shemeji wa Wasambaa
Mimi nilitembea kwa miguu: Lushoto, Magamba, Lukozi, Rangwi, hadi Mtae. Msitu wa Magamba uingie asubuhi na mapema, sweta mwilini, utawasikia mbega kabla hujawaona. Ukitoka msituni unakuta mashamba mpaka macho yanachoka: kabichi, karoti, viazi, hoho. Lukozi ni kelele tupu, mafuso yanapakia mboga za mjini. Mboga unayoilalamikia bei Kariakoo, huku unamwona mama ameibeba kichwani kutoka bondeni, mlima ambao wewe na kibegi chako unahema.
Rangwi masista wanapokea wageni. Pasafi, patulivu. Piga hodi kabla jua halijazama.

Mjukuu wa Mlalo
Ahsanteni kwa kukumbuka kwetu. Mkipita Mlalo msiangalie mandhari tu, angalieni na ardhi. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha pale mpango wake wa kuzuia mmomonyoko, baadaye ukaenezwa Usambara nzima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko, asiyechimba anatozwa faini. Bibi yangu alikuwa akilisimulia hilo kwa hasira mpaka uzeeni, maana jembe lilikuwa mikononi mwa wanawake: shamba la chakula lao, na matuta ya serikali juu yake. Wasambaa waligoma, na miaka ya 1950 mpango ukafa. Leo wataalamu wanakuja kutufundisha matuta upya, safari hii kwa semina na posho. Ndiyo maana wazee wakitajiwa neno hilo wanatabasamu kidogo.
Kanisa la Kilutheri pia lina historia. Wamisionari wa Kijerumani walifika Mlalo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg. Nani alitamka hilo jina kule kwetu sijui.

Dereva Mstaafu
Hayo ya miguu nawaachia vijana. Mimi nimepapanda kwa gari miaka mingi. Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande mwingine bonde. Ukiipita Lushoto kuendelea juu, muulize dereva wa huko hali ya njia kabla hujawasha gari. Aprili na Mei msijaribu na vigari vya chini. Udongo mwekundu ukilowa hauna rafiki.

Mpanda Milima
Mzee umenena. Na suala la mwongozaji je? Kuna wanaosema ni kupoteza hela.

Shemeji wa Wasambaa
Msituni sawa, njia inaonekana. Taabu ni mashambani: vijia vingi, kila kimoja kinaishia jikoni kwa mtu. Chukua kijana wa pale pale. Na wewe salimia, jamani. "Onga maundo" asubuhi inafungua milango mingi kuliko hela.

Binti Korogwe
Napingana kidogo. Mimi nilienda bila mwongozaji, kila nikipotea nilikuwa nasindikizwa na watoto wa shule mpaka njia panda. Ila ni kweli nazungumza Kisambaa, labda ndiyo siri.
Mtae sijaona pa kulinganisha nayo. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, ukichungulia chini ni tambarare ya Mkomazi, mbele milima ya Pare, na siku ya mbingu safi Kilimanjaro inajitokeza. Lakini Juni mpaka Agosti ukungu unaweza kukufungia siku nzima usione hata choo kilipo. Mkitaka plamu na peasi nendeni mwishoni mwa mwaka.

Mgeni wa Uzi
Naomba kuuliza, nikiwa na mama yangu wa miaka sabini atamudu?

Dereva Mstaafu
Atamudu, mwanangu, ila msimtembeze. Laleni Lushoto, asubuhi mpande gari la Mtae, yeye akae upande wa dirisha. Na mchukulie blanketi.