Mjadala: Mataifa makubwa huwaingilia majirani wadogo kwa hofu, au kwa kuwa ni rahisi?

Hoja inayosikika sana ni kwamba taifa kubwa humbana jirani mdogo kwa sababu ya hofu: linachelea adui wa mbali asije akapata kituo mlangoni pake. Hofu hiyo ipo, lakini sidhani kama ndiyo inayoamua. Mfano wangu ni Marekani.

Julai 1915, baada ya Rais Vilbrun Guillaume Sam wa Haiti kuuawa na umati jijini Port-au-Prince, wanajeshi wa Marekani walitua na kukaa hadi 1934. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba Ujerumani ingejipenyeza nchini humo. Hata hivyo, tangu Desemba 1914 manowari ya Machias ilikuwa imekwisha kuichukua dhahabu ya Haiti yenye thamani ya dola 500,000 na kuipeleka New York. Baada ya kutua, Wamarekani walishika forodha na fedha za serikali, kisha katiba ya 1918 ikawaruhusu wageni kumiliki ardhi, jambo lililokatazwa tangu enzi za Dessalines, kiongozi wa kwanza wa Haiti huru. Katika kifungu hicho simwoni Mjerumani yeyote.

Machi 1938 Rais Lázaro Cárdenas wa Mexico alitaifisha mafuta yaliyokuwa mikononi mwa kampuni za Marekani na Uingereza. Kampuni zilipiga kelele, lakini Franklin Roosevelt hakutuma jeshi, kwa sehemu kwa kuogopa kuisukuma Mexico upande wa Ujerumani, na mgogoro ukamalizwa kwa fidia. Hofu ileile ya Mjerumani iliyotumika kuhalalisha kuivamia Haiti ndiyo iliyoiokoa Mexico! Kilichotofautiana ni gharama: Mexico ilikuwa nchi kubwa, yenye pengine pa kugeukia, ilhali Haiti ya 1915 haikuwa na mtetezi.

Grenada, kisiwa kidogo cha Karibi, nayo ilivamiwa na Marekani mwaka 1983. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaushutumu uvamizi huo kwa kura 108 dhidi ya 9, na sioni kura hizo ziliigharimu Washington nini.

Najua nitatajiwa Kuba ya 1962. Makombora ya Kisovieti yalikuwapo kweli, na hofu ilikuwa na msingi. Lakini hapo ndipo Kennedy alipochagua kuzuia meli badala ya kuvamia, kwa kuwa uvamizi ungeweza kuleta vita vya nyuklia. Anayeshikilia kwamba hofu ndiyo chanzo atueleze kwa nini ilipokuwa kubwa kuliko wakati wowote, jeshi halikuvuka.