Kigari cha gofu kinalia "tak" halafu hakisogei, naambiwa ninunue betri zote sita. Ushauri tafadhali

Mtaka_Mwendo

Habari zenu wakuu,

Nina kigari cha gofu cha umeme, volti 48, betri sita za maji za volti 8 kila moja. Tatizo lilianza taratibu: kwenye tambarare kinakwenda vizuri, kwenye mwinuko kinachoka. Sasa kimefika hatua nyingine. Nakanyaga pedali, nasikia "tak" chini ya kiti, kisha kimya. Nikiachia na kukanyaga tena, mara kinaondoka, mara kinagoma.

Fundi aliyekuja alifunua kiti, akaangalia kwa macho tu, akasema betri zimekufa, ninunue zote, na huenda kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) nayo imekwenda. Hakupima chochote. Nilipopima mwenyewe baada ya chaja kumaliza na kigari kulala usiku mzima, mita ilisoma 50.6. Hiyo si zaidi ya 48? Sasa zimekufaje? Zina miaka miwili na kitu.

Nina mita ya kawaida, spana na jeki, na umeme wa nyumbani nauelewa kiasi. Nianzie wapi kabla sijatoa hela? Nawasilisha.

Kanyaga_Twende

Uza ununue punda. Punda hana solenoidi.

Bi_Spana

Mtaka_Mwendo, hiyo "tak" ni habari njema, usiidharau. Ni sauti ya solenoidi (swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye mota) ikifunga, maana yake funguo, swichi ndogo ya pedali na swichi ya mbele/nyuma vyote vimefanya kazi yao mpaka hapo. Kingekuwa kimya kabisa, ningekutuma kwenye hivyo kwanza, pamoja na kuangalia kama plagi ya chaja bado imechomekwa, kwa sababu vigari vingi havikubali kutembea vikiwa kwenye chaja. Kuna watu wamevuta kigari mpaka kwa fundi kwa sababu hiyo tu.

Sasa hiyo 50.6. Pakiti ya 48 iliyojaa na kupumzika inatakiwa ikaribie 51, kwa hiyo yako haiko mbaya. Ikisoma 48 kamili, hapo ujue imebaki karibu nusu, ingawa watu wengi wakiona 48 wanafurahi. Lakini namba ya betri iliyopumzika haitoshi kuamua kununua wala kutonunua. Betri mbovu ikiwa imekaa tu inaweza kusoma vizuri kabisa. Ipime inapofanya kazi.

Kabla ya yote: vua pete, saa ya chuma na cheni. Spana unayotumia kwenye betri izungushie tepu ya umeme, ibaki sehemu ya kukamatia nati tu, maana ikigusa chanya na hasi kwa pamoja itatoa cheche za kuchomea vyuma. Usifanye kazi hii mara tu baada ya kuchaji ukiwa umefunga milango, kwani betri za maji hutoa hewa ya haidrojeni zinapochajiwa. Vaa miwani. Na kila unapofungua waya wowote, weka kwanza swichi ya chini ya kiti kwenye TOW, yaani hali ya kuvutwa (kama kigari chako kinayo), kisha utoe waya mkuu wa hasi. Wakati wa kurudisha, huo ndio uwe wa mwisho.

Halafu fanya hivi. Tafuta klipu za mamba za kushika nyaya za mita. Bana betri ya kwanza, chanya na hasi yake, pitisha nyaya nje ya kiti mahali ambapo hazitabanwa, panda mwinuko huku mtu wa pembeni akisoma mita. Rudi, hamia betri ya pili. Ni kazi ya kuchosha lakini hakuna njia ya mkato. Usijaribu ile ya kukanyaga breki na pedali ya mwendo kwa pamoja ili "kuipa mzigo", utaunguza mota bure.

Unachotafuta ni ile inayoachana na wenzake. Zote zikishuka sawasawa mpaka 7.5 hivi, hiyo ni kawaida ya mlima. Moja ikizama volti nzima chini ya wenzake, tumeipata.

Seti_ya_Tisa

Nyongeza kidogo: hakikisha breki hazijashika. Weka TOW, mkisukume kwa mkono kwenye tambarare. Kikiwa kizito bila sababu, waya wa breki umekaza au tairi hazina upepo. Tairi nyingi za vigari hivi hutaka kati ya 18 na 22 psi, na watu huzisahau miaka.

Mtaka_Mwendo

Asanteni sana. Nimesukuma, kinateleza vizuri, upepo upo. Nimepima kama Bi Spana alivyoelekeza. Betri tano zinacheza kati ya 7.5 na 7.7 kwenye mwinuko. Ya nne inazama mpaka 6.1! Kwa hiyo ni hiyo moja tu imekufa? Naweza kununua moja?

Tajiri_wa_Volti

Nunua zote mkuu. Betri mpya katikati ya za zamani inaburuzwa na wenzake, baada ya muda na yenyewe inakuwa kama wao. Hii haina mjadala.

Bi_Spana

Ina mjadala. Pakiti ikiwa na miaka mitano, nakubaliana nawe asilimia mia. Ikiwa na miaka miwili na tano zilizobaki zikiwa nzima, kuweka moja ya aina ileile na ukubwa uleule ni jambo la busara, hata kama ni ya mtumba iliyotunzwa. Lakini kabla ya hapo angetumia haidromita, kipimo cha uzito wa asidi ndani ya kila seli (chumba kimoja cha betri). Seli iliyojaa husoma kama 1.265 mpaka 1.280 hivi, na seli moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya 0.050 baada ya chaji kamili, hiyo ndiyo iliyoumwa.

Mzee_wa_Nyaya

Vijana mnakimbia. Mtaka_Mwendo, nijibu kitu kimoja: klipu zako ulibana wapi? Kwenye nguzo yenyewe ya risasi, au kwenye nati na kichwa cha waya kilichokaa juu yake?

Mtaka_Mwendo

Kwenye nati, mzee. Nguzo zenyewe hazionekani vizuri, kuna unga wa kijani na mweupe.

Mzee_wa_Nyaya

Nilijua. Kwa hiyo haujapima betri, umepima betri pamoja na uchafu wake. Kwangua kidogo pembeni ya nguzo mpaka risasi ing'ae, bana hapo hapo kwenye risasi, pande zote mbili, kisha panda tena mwinuko.

Kisha fanya kipimo cha pili, ambacho mafundi wengi hawakijui au hawakitaki: ncha moja ya mita kwenye risasi, ncha nyingine kwenye kichwa cha waya kilichofungwa kwenye risasi hiyohiyo. Kigari kikiwa kinapanda, mita inatakiwa isome karibu na sufuri. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme wako unaishia hapo kwenye kiungo na kugeuka joto. Ukishuka tu, sogeza nyuma ya mkono karibu na kila kiungo bila kugusa. Kibovu utakijua chenyewe.

Mtaka_Mwendo

Mzee heshima kwako. Kwenye risasi, betri ya nne inasoma 7.5 kama wenzake. Kati ya nguzo yake ya hasi na kichwa cha waya: 1.3. Na kile kiungo ni cha moto, plastiki ya waya karibu na kichwa imeanza kulainika. Betri nzima! Na huyu alitaka ninunue sita.

Mzee_wa_Nyaya

Mota ikivuta ampea 200 kwenye mlima, hiyo 1.3 ni wati 260 kwenye kinguzo kimoja kidogo. Una pasi ndogo ya nguo chini ya kiti. Acha kukitembeza mpaka utengeneze, nguzo za risasi huyeyuka na moto huanzia hapo.

Dawa: toa waya mkuu wa hasi, kisha fungua waya huo uliolainika uutupe. Usikate kichwa ukabana kingine kwa koleo. Nunua mzima wa unene uleule au mnene zaidi. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa vizuri, halafu osha juu ya betri kwa maji yenye soda ya kuokea mpaka povu liishe, suuza, kausha. Soda isiingie ndani ya seli, itaua asidi. Nguzo zisugue kwa brashi ya waya. Funga chuma safi juu ya risasi safi, pasiwe na washa (kile kipande cha duara cha chini ya nati) katikati ya kichwa cha waya na risasi, ndipo upake grisi juu. Wapo wanaopaka grisi kwanza kisha wanafunga, halafu wanashangaa. Kaza kwa adabu, risasi ni laini, si nati ya tairi.

Fanya hivyo kwa viungo vyote kumi na viwili ukiwa umeshafungua. Kimoja kikiharibika, vingine viko njiani.

Na maji je?

Mtaka_Mwendo

Seli chache ziko chini, sahani za ndani karibu zianze kuonekana. Niongeze asidi?

Bi_Spana

Hapana! Asidi haiongezwi, inayopungua ni maji. Weka maji safi ya betri yasiyo na madini, ya bomba usithubutu. Kama sahani ziko wazi, ongeza kidogo tu zifunikwe, chaji mpaka mwisho, ndipo ujaze hadi milimita 3 hivi chini ya ile shingo ya ndani ya tundu. Ukijaza kabla ya kuchaji, yatapanda na kumwagika, na ule unga wa kijani unaanzia hapohapo.

Mtaka_Mwendo

Mrejesho: nimebadilisha waya, nimesafisha vyote. Mlima sasa kinapanda bila kulalamika. Lakini ile "tak" bila kusogea bado inatokea mara mojamoja. Hapo ndiyo kontrola?

Bi_Spana

Kontrola ni ya mwisho kushtakiwa, na ndiyo ya kwanza kuuzwa. Angalia solenoidi. Ndani yake kuna sahani ya shaba inayogonga nguzo mbili kubwa. Ikiungua kwa cheche, inasikika ikifunga lakini umeme mara unapita, mara haupiti.

Inua magurudumu ya nyuma kwa jeki, weka stendi chini ya ekseli, zuia ya mbele. Mita kwenye nguzo mbili kubwa za solenoidi. Kanyaga, isikie ikigonga. Mita ianguke mpaka karibu na sufuri. Siku inapogoma, kama mita inabaki na volti nyingi baada ya "tak", solenoidi ndiyo mwizi. Ikianguka sufuri na bado mota haizunguki, ndipo tuzungumze habari za kihisi cha pedali, kaboni za mota, na mwisho kontrola.

Ukibadilisha, hakikisha mpya ni ya volti 48 na ni ya kazi endelevu, yaani inayostahimili kubaki imefunga muda mrefu. Zile za starta ya gari hufanana sana lakini huungua upesi. Piga picha nyaya kabla ya kufungua. Ile resista iliyo kati ya nguzo kubwa irudishe, kazi yake ni kujaza kapasita za kontrola taratibu. Bila hiyo, kila unapokanyaga kunapigwa cheche ndani na solenoidi mpya itakufa kama ya zamani. Dayodi ya nguzo ndogo nayo irudi, upande wenye mstari ukielekea chanya.

Mtaka_Mwendo

Imegoma leo nikiwa na mita mkononi. Baada ya "tak" inasoma 41. Nimeagiza solenoidi.

Pedali_Nzito

Samahani kudandia uzi. Changu chaja haiwaki kabisa. Betri zilikaa muda mrefu bila kutumika. Chaja imekufa?

Mzee_wa_Nyaya

Huenda ni nzima. Chaja nyingi za kisasa zikikuta pakiti imeshuka mno hazianzi, zinadhani hakuna betri. Pima pakiti. Kama iko chini sana, chaji betri mojamoja kwa chaja ndogo ya volti inayolingana na betri hiyo mpaka zipande, kisha urudishe chaja yake. Kama kigari ni Club Car ya volti 48 ya kuanzia 1995 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010, humo kuna kompyuta ndogo inayoamuru chaja, nayo huzubaa betri zikifa. Hizo zinataka maelezo marefu, fungua uzi wake nitakuja.

Seti_ya_Tisa

Na sisi wa petroli tusisahaulike. Changu nikikanyaga, starta inajikokota kidogo halafu inakwama.

Bi_Spana

Bana mita kwenye betri yako ya volti 12, kanyaga, soma wakati starta inavuta.

Seti_ya_Tisa

8.7.

Bi_Spana

Chini ya 9.6 ni betri dhaifu au haina chaji. Ichaji kwa chaja ya nje upime tena. Ikirudi vizuri halafu ikashuka tena baada ya siku chache, angalia mkanda wa starta, kwa sababu kwenye vigari vingi vya petroli starta hiyohiyo ndiyo jenereta, na mkanda ukilegea hauchaji. Waya wa hasi kutoka injini kwenda kwenye fremu nao ufungue usugue.