Mashine ya kusaga: sevisi kwa ratiba, au nisubiri dalili?

Sembe_Makambako: Habari za kazi wakuu. Nina mashine ya kukoboa na ya kusaga, kila moja na mota yake ya HP 30, umeme fezi tatu. Mpaka sasa tunatengeneza kinachoharibika. Msimu uliopita beringi ya upande wa puli ilikwama mashine ikiwa na mzigo, mota ikaungua. Tukingoja isukwe koili upya, magunia ya watu yakajaa barazani na wateja wengine wakahamia kwa jirani. Fundi wangu anataka kila mwezi tufungue kila kitu na kubadilisha beringi zote, hata nzima. Kijana aliyetoka chuo cha ufundi VETA anasema tupime joto na kusikiliza mtetemo, tufungue dalili ikionekana. Mngekuwa ninyi mngefuata lipi?

Fundi_Koili: Mkuu, usitafute jibu moja kwa mashine nzima. Nyundo za ndani zinazoponda mahindi na chekeche la kuchuja unga zinaliwa na mahindi taratibu, hizo ndizo za ratiba. Nyundo ikiisha kona igeuze upande wa pili, na ukibadilisha, zinazotazamana ziwe na uzito sawa, la sivyo rota (shafti inayozungusha nyundo) itatetema na kuua hizo beringi unazozililia. Taa ya stoo iache iungue ndipo ubadilishe. Beringi ndiyo ya kupima.

Mhandisi_Pwani: Naunga mkono. Mwaka 1978 Nowlan na Heap wa shirika la ndege la United, Marekani, walitoa ripoti iliyobadili fikra za matengenezo. Katika vifaa vya ndege vilivyochunguzwa, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha kuchakaa kwa umri. Asilimia 68 vilikuwa na hatari kubwa zaidi vikiwa vipya, kisha hatari ikashuka. Kinu si ndege, lakini fikiria huko kufungua kila mwezi: beringi inapigwa nyundo ili iingie kwenye shafti, vumbi la pumba linaingia kwenye grisi, mkanda unafungwa umepinda. Unaondoa beringi nzima na kuweka ugonjwa.

Mama_Dona: Kupima ni kuzuri, ila nani anapima saa nne usiku foleni ikiwa ndefu? Kwangu kilichosaidia ni daftari lililofungwa kwa kamba pale kwenye stata, swichi ya kuwashia mota. Kabla ya kuwasha na mchana, mwendeshaji anaandika joto la kila beringi. Asipoandika, mashine haiwashwi. Dalili bila ratiba ya kuitafuta haionekani.

Sembe_Makambako: Hapo nimeelewa. Ikifika joto gani nizime?

Fundi_Koili: Usishike namba moja, angalia mwenendo. Kama kila mchana inasoma nyuzi 55 na leo inasoma 70 kwa mzigo uleule na hali ya hewa ileile, simamisha uangalie. Kama umetoka kupiga grisi, ipe muda kwanza, huwa inapanda kisha inashuka. Na usijaze nyumba ya beringi mpaka juu. Theluthi hadi nusu inatosha, ikizidi inachemka yenyewe. Kile kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kinadanganywa na chuma kinachong'aa, paka doa la rangi nyeusi isiyong'aa upimie hapo hapo kila siku.

Lakini mimi kinachonisumbua zaidi ni hiyo mota. Beringi kukwama hakupaswi kuunguza mota kama ovalodi, kile kifaa cha kukata umeme mota ikizidiwa, ni nzima. Nakutana sana na ovalodi iliyopandishwa juu ili "isisumbue". Soma ampea kwenye kibati cha mota uirudishe hapo. Kama stata ni sta-delta (inayowasha mota kwa hatua mbili, sta kisha delta) na ovalodi imekaa ndani ya delta, weka asilimia 58 ya hizo ampea. Ongeza na rilei ya kulinda fezi, maana fezi moja ikikatika mota inaungua huku inazunguka.

Sembe_Makambako: Naanza na ovalodi kesho, daftari nanunua leo. Beringi za akiba nichukue zipi?

Mhandisi_Pwani: Nakili namba yote iliyo ubavuni mwa ile ya zamani, usimtajie muuzaji kipenyo tu. Ikiishia na C3, usikubali isiyo na C3. Yenye C3 ina nafasi zaidi ndani, na ikipata joto isiyo nayo inabana.