Kama msuli unahitaji ATP ili ukaze, mbona maiti inakakamaa?

mdadisi_seli
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kinanisumbua tangu nianze kusoma mambo ya misuli. Nimesoma kwamba msuli hauwezi kukaza bila ATP, ile nishati ya seli, haya hapo nimeelewa. Sasa mtu akifa si ATP inaisha? Nilitegemea misuli ilegee tu, lakini baada ya masaa machache mwili unakakamaa mpaka mkono haukunjiki. Nguvu ya kukaza imetoka wapi? Naombeni mnieleweshe taratibu.

uzi_mnene
Mkuu swali zuri sana hili, wengi tumekwama hapohapo. Iko hivi, ndani ya seli ya msuli kuna nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za mayosini zimepishana, na uzi mmoja mnene una mamia ya vichwa vinavyochomoza pembeni. Kichwa kinashika aktini, kinaivuta nanomita chache tu, halafu lazima KIACHIE ndo kikashike mbele zaidi, kama watu wanavyovuta kamba mkono baada ya mkono. Sasa hapo kwenye kuachia ndo pa kuangalia kwa makini, kichwa hakiachii mpaka ATP mpya ije ikinase. Kikishaachia ATP inavunjwa na kichwa kinategwa upya kama mtego, kikishika aktini fosfeti (kipande cha ile ATP iliyovunjwa) inatoka na mtego unafyatuka. Kwa hiyo nishati inalipwa kabla ya kuvuta. ATP ikiisha vichwa vilivyoshika vinabaki vimeng'ang'ania, ndo huo ukakamavu.

Dada_Kalsiamu
Naongezea kidogo. Muda wote msuli ukiwa umetulia aktini inakuwa imezibwa na protini inaitwa tropomayosini, vichwa havipati pa kushika. Neva ikileta taarifa kalsiamu inamwagika kutoka ghalani mwake, inashika troponini, protini nyingine iliyoungana na kile kizibo, na kizibo kinasogea. Kuirudisha kalsiamu ghalani ni kazi ya pampu, na pampu nazo zinakula ATP! Kwa hiyo kwa maiti kalsiamu inavuja na hakuna wa kuirudisha, vichwa vinashika, na hakuna wa kuviachisha. Baadaye mwili unalegea tena kwa sababu vimeng'enya vinazikatakata zile protini, sio kwamba vichwa vimeachia.

mdadisi_seli
Aisee nimeelewa kabisa, asanteni sana. Kumbe nyuzi zenyewe hazifupiki?

uzi_mnene
Hazifupiki mkuu, zinateleza tu zikiingiliana zaidi. Wazo hili lilitolewa 1954 na makundi mawili tofauti ya watafiti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine, na hao Huxley wawili wala sio ndugu. Kwenye darubini msuli una mikanda myeusi na myeupe inayopokezana, na walichokiona ni kwamba msuli ukijikunja ule mkanda mweusi, ambao ndo urefu wa nyuzi za mayosini, unabaki vilevile, mkanda mweupe ndo unaopungua. Kama nyuzi nene zingekuwa zinajikunja, mweusi nao ungepungua.