Sururu, shoka au chepe: kipi kinakata mizizi ya mwarobaini?

Kiwanja_Kibaha
Wakuu habari za leo. Nina kiwanja Kibaha nataka kuchimba msingi wa ukuta, kulikuwa na miarobaini mitatu mikubwa, jamaa wa msumeno wameshaangusha wakaondoka zao, mimi nimebaki na visiki na mizizi inapita humohumo kwenye mstari wa msingi. Jembe linadunda tu, likigonga mzizi ganzi inapanda mpaka kwenye kiwiko. Hela niliyonayo ni ya kifaa kimoja, kizuri. Nachagua kati ya sururu, shoka na chepe. Mnanishauri nini?

fundi_msingi
Chepe toa kwenye hesabu kabisa mkuu. Chepe ni la kutoa udongo ulioshalegea. Watu wanalichomeka chini ya mzizi halafu wanalipandia wanyanyue, hapo ndo shingo inapinda au mpini unakatika pale kwenye ringi, nimeshaona mengi sana saiti. Mzizi wa unene wa kidole sawa, chepe lililonolewa litapita ukilikanyaga na buti. Zaidi ya hapo unaliua bure. Chukua sururu.

Mama_Bustani
Sururu ipi sasa, maana ziko za aina nyingi na hapo ndo watu wanapoteza hela. Kuna ile ya ncha pande zote mbili, hiyo ni ya mawe na udongo mgumu, kwenye mzizi inatoboa tu inanasa, unaanza kazi ya kuichomoa. Kuna yenye ncha upande mmoja na bapa upande wa pili, bapa imelala kama tezo. Halafu kuna yenye bapa upande mmoja na upande wa pili shoka kabisa, hiyo ndo ya visiki, ila madukani siyo rahisi kuipata, mimi nilizunguka sana. Ukiikuta usiulize mara mbili kaka, nunua.

Mkulima_Molo
Niko Kenya, huku kwetu shida ni mikaratusi. Nilianza na fokjembe, ile jembe ya meno, juu kila mtu huku anayo, na kusema ukweli kwa kung'oa nyasi na mizizi midogo hakuna kitu inaishinda, lakini ikipata mzizi mnene meno yanapanuka na hayarudi. Saa hii natumia sururu ya shoka. Bapa nafukua nayo udongo, nikifika kwa mzizi nageuza mkono tu nakata, sitoki kwa shimo kutafuta kifaa kingine. Na usiache kisiki hivyo ukidhani kimekufa, karatusi inachipua tena na nasikia hata mwarobaini ni hivyo.

Kiwanja_Kibaha
Ni kweli, kimoja kimeshatoa machipukizi ya kijani pembeni na hata mwezi haujaisha. Kwa hiyo shoka peke yake haifai?

Mzee_wa_Muheza
Kijana, shoka zuri usilipeleke ardhini. Mchanga unakula makali, mapigo machache tu tayari limekuwa butu, na shoka butu linateleza kwenye mzizi linakuja kwenye muundi wako. Kama unalo la zamani hilo sawa, ila kwanza fukua mzizi pande zote mpaka uone chini yake, mwagia maji kidogo usugue udongo utoke, ndipo ukate. Na kata kwa mshazari, pigo moja la kulia moja la kushoto, kibanzi kiruke chenyewe. Ukipiga wima palepale utapiga mpaka jioni. Kata sehemu mbili utoe kipande kizima, maana ukikata sehemu moja tu mzizi unabana.

Mama_Bustani
Shikamoo mzee, hapo kwenye mshazari umesema kweli tupu. Na naongeza: sururu ikitoka dukani haina makali, ile bapa ni nene kama kisigino. Tafuta tupa, noa upande wa ndani tu, ule unaokutazama ukiwa umeishika, usiifanye nyembamba kama kisu itapinda kwenye jiwe.

fundi_msingi
Na mpini angalia. Wa sururu unapitishwa kutokea juu, kichwa kinasogea mpaka kinabana pale mwishoni palipo panene, kila unapopiga kinazidi kubana. Mtu akikuuzia uliopigiliwa misumari na vipande vya tairi, achana naye.

Mzee_wa_Muheza
Marahaba mwanangu. Mpini wa mpera ulionyooka, uliokauka kivulini. Mbichi utakauka ukiwa ndani ya tundu, kichwa kitalegea.

Kiwanja_Kibaha
Shikamoo mzee, asanteni sana wote. Mrejesho: ya shoka sijaipata, nimechukua ya ncha na bapa, nimeinoa na tupa kama alivyosema Mama Bustani, na shoka la zamani nimeazima kwa jirani. Jana jioni baada ya mvua udongo ulikuwa laini nikashinda mzizi mmoja mnene kama paja, bapa ilifukua mpaka chini, mizizi midogo ikawa inakatika humohumo bila hata kubadilisha kifaa, shoka nimelitumia mwishoni tu. Ndani ni mwekundu na ule uchungu unausikia mpaka kooni. Ganzi hakuna. Leo naingia kwenye kisiki chenyewe, naanza na mizizi ya pembeni halafu nione huo wa kati umeshuka mpaka wapi.

fundi_msingi
Kabla hujapiga upande wa barabarani uliza bomba la maji limepita wapi. Sururu haijui mzizi na bomba.