Gemu za helikopta za kivita: uhalisia uishie kwenye mapanga yanayozirusha, au ushuke hadi kwa watu walio chini?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna swali linanikera tangu nianze kujifunza helikopta ya kivita ya Marekani, AH-64D Apache, ndani ya DCS, gemu ya kompyuta ya kurusha ndege; Apache ile Eagle Dynamics waliitoa mwaka 2022 kabla haijakamilika. Juzi nilikuwa natua kwenye kijibonde. Nikashuka wima, haraka kidogo, upepo ukinisukuma mgongoni. Helikopta ikaanza kutetemeka kama daladala kwenye barabara ya makorongo. Nikavuta wenzo wa mkono wa kushoto kuongeza nguvu, kama akili ya kawaida inavyotuma, nayo ikazidi kuzama! Kumbe ilikuwa imeingia kwenye hewa iliyovurugwa na mapanga yake yenyewe, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kuikoroga. Dawa yake ni kuinamisha pua mbele, utoke kwenye hewa hiyo. Nilielewa baada ya kuiangusha mara nne. Walioandika hesabu zile nawapa heko.

Nikaruka tena, nikafungua kamera ya joto. Mbali huko, vidoa vyeupe vinne vinatembea kando ya lori. Hapo gemu hainiulizi kitu. Kila kidoa ni adui, kwa sababu aliyepanga safari ile hakuweka mtu mwingine: hakuna mchuuzi, hakuna mwenye mbuzi wake.

Baghdad, tarehe 12 Julai 2007, Apache mbili za Marekani ziliwapiga watu mtaani. Miongoni mwa waliokufa ni mpiga picha wa Reuters, Namir Noor-Eldeen, na dereva Saeed Chmagh. Kamera ya mpiga picha ilidhaniwa kuwa silaha. Video iliyorekodiwa na helikopta yenyewe ilitolewa na WikiLeaks mwaka 2010, na wengi wenu mmeiona.

Hoja yangu: anayesema gemu yake ni halisi aiweke na shaka hiyo. Mpiga bunduki, yule wa kiti cha mbele, sehemu kubwa ya kazi yake ni kujiuliza "yule ni nani?" Ukiiondoa, umetengeneza nusu helikopta. Mnasemaje?

Rafadha

Naomba kutofautiana nawe, mkuu. Mimi nanunua gemu ili niruke. Mauaji nina mahali pengi pa kuyaona, nikifungua taarifa ya habari tu.

Na uhalisia wa kuruka wenyewe bado hamjaumaliza. Agosti 2012 helikopta tatu za Mi-24 za Uganda, zikiwa njiani kwenda Somalia, zilianguka Mlima Kenya. Hakuna aliyezirushia hata jiwe. Ni mlima na hali ya hewa. Mi-24 ina mabawa mafupi ubavuni yanayosaidia kuibeba ikienda mbele, lakini ikisimama hewani mabawa hayo ni mzigo tu. Ikijaa mafuta na silaha, mahali pa joto na hewa nyepesi, marubani hupenda kuikimbiza chini kwa magurudumu kwanza kama ndege. Nipe gemu itakayonitoa jasho hapo. Ya kujiuliza yule ni nani, wachieni mahakama.

Mtoto wa Kivu

Rafadha, wewe unaongea ukiwa juu. Mimi niliisikia nikiwa chini. Mwaka 2013, wakati wa vita vya waasi wa M23 huku kwetu mashariki mwa Kongo, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa na helikopta za kivita za Afrika Kusini, Rooivalk, zimepakwa rangi nyeupe. Novemba zikapiga roketi upande wa Chanzu, ngome ya waasi hao. Sisi tuliziona tu zikipita. Kabla hujaiona, dirisha linaanza kulia kwanza. Mama anaita watoto waingie ndani, bila kuuliza ni ya nani. Gemu gani ina sauti hiyo?

Ila nawe mwanzisha mada sikubaliani nawe. Mkituweka humo sisi raia, tutakuwa nini? Najua: "umeua raia, umepoteza pointi 50." Halafu mchezaji anaanza upya. Afadhali kijiji kibaki tupu kuliko mimi kuwa faini.

Kodi na Chai

Wadau, jambo hili limeshajaribiwa. Watengenezaji wa gemu ya vita ya ARMA 3 mwaka 2017 walitoa nyongeza inayohusu sheria za vita. Mchezaji ni mteguaji mabomu wa shirika la misaada, anarudi kijijini baada ya mapigano na kukuta yaliyoachwa. Nusu ya mapato ya nyongeza hiyo ya mwaka ule ilikwenda kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Kwa hiyo kusema haiwezekani, hapana.

Kinachobana ni jasho la fundi. Mtu mmoja anayenunua vitunguu, akashtuka, akakimbilia upande unaoeleweka, ni kazi kubwa kuliko roketi kumi. Roketi ina hesabu zake zimeshaandikwa vitabuni. Mama wa vitunguu nani amemwandikia?

Na wale wa "uhalisia asilimia mia" mtulie. Mwaka 2021 mchezaji wa War Thunder, gemu nyingine ya vita, alibandika mtandaoni kurasa za mwongozo wa kifaru cha Challenger 2 ili ashinde ubishi tu. Mambo nyeti hayatakiwi kuwemo, na watengenezaji wanakisia sehemu nyingi. Tunacheza na makisio yaliyopakwa rangi vizuri.

Mwanzisha mada

Mtoto wa Kivu, umenishika pabaya. Hiyo ya faini sikuiona, na ndiyo niliyokuwa nataka kuiandika.

Nimekaa usiku kwenye sehemu ya kupangia safari. Nimeweka soko dogo: lori moja, watu wanane, wawili wana bunduki na sita hawana. Pointi za raia nimezifuta. Badala yake, ukishatua unaonyeshwa picha za kamera yako mwenyewe, dakika tatu, bila maelezo. Nikampa rafiki yangu arushe. Akazunguka soko mara tano, kidole kwenye kitufe, akiniuliza, "Huyu je? Huyu je?" Mafuta yakakaribia kuisha, akarudi kambini bila kufyatua hata risasi moja. Akatua vizuri kabisa.

Kompyuta ikamwandikia: umeshindwa. Sharti la ushindi la kurudi bila kupiga nilikuwa nimesahau kuliweka.