Nimeshuhudia wosia wa baba: je, nyumba aliyoniachia bado ni yangu?

Muulizaji (Umoja, Nairobi)
Hamjambo wenzangu. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 74 na akili timamu, amenitajia wosia wake nikauandika katika daftari la shule, naye ameniachia nyumba anamoishi. Kwa kuwa mkono wake unatetemeka, aliweka alama ya dole gumba, kisha mimi na jirani tukatia sahihi kama mashahidi. Hatukumwona wakili. Je, wosia huo una nguvu? Na shangazi, aliyetajwa humo kuwa wasii, ana kazi gani?

Jibu la kwanza
Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haidai wakili. Inataka mwenye wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu, atie sahihi au alama yake, na mashahidi wasiopungua wawili, waliomwona akifanya hivyo au aliowakiria mwenyewe kwamba alama ni yake, watie sahihi mbele yake. Dole gumba basi linatosha. Tatizo ni wewe: alichoachiwa shahidi, au mume au mke wake, hubatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu. Wosia utasimama, lakini nyumba itakuponyoka. Isitoshe, mrithi ndiye aliyeshika kalamu, na mahakama hulitazama jambo hilo kwa shaka kubwa. Maadamu mzee yu hai, tafadhali auandike upya kwa mkono wa mtu mwingine, nawe usiwepo chumbani. Shangazi, kama wasii, atakusanya mali, atalipa madeni na kuwagawia warithi. Yeye anaruhusiwa hata kuwa shahidi.

Jibu la pili
Naongeza jambo lililotuumiza sisi. Mjomba alimwacha nje binti yake aliyeolewa, akiamini kwamba maandishi yamemaliza mambo, lakini binti akaiomba mahakama sehemu yake kwa kifungu cha 26 cha sheria hiyo hiyo, akapewa. Binti huyo na ndugu zake walizika mama yao bila kusemezana. Muulize mzee kama amewakumbuka watoto wote.

Jibu la tatu
Kama ninyi ni Waislamu, hesabu ni nyingine: wosia hauvuki thuluthi ya mali, wala haumpi mrithi nyongeza pasipo ridhaa ya warithi wenzake. Muoneni kadhi.

Muulizaji
Sisi ni Wakristo. Nimemsomea baba majibu yote, akanyamaza kitambo, kisha akauliza dada yangu wa Nakuru anapatikana kwa simu saa ngapi. Jumamosi wazee wawili wa kanisa watakuja, nami nitakaa nje.